Shevrole Yangu ya 1985

Hasina, niko hapa Kalamba, nimejifungia chumbani kwa mama.

Unakumbuka ile Shevrole ndogo nyekundu, gari ya mfano? Ile mwalimu Mmarekani alinipa 1985, vipande vya plastiki kwa boksi, nikaunga likizo yote ya Agosti?

Leo ndugu yangu Kivuva ameiweka mezani mbele ya pasta na wageni. Eti, "Hii niliunda mwenyewe nikiwa form two."

Mwenyewe! Mtu ambaye hata kifungo cha shati anashonewa!

Pasta akamuuliza, "Na hizi taa ulizishikisha na nini?"

Akajibu, "Misumari midogo."

Misumari, Hasina! Kwa plastiki niliyoiunga na gundi!

Nikamwambia, "Kivuva, hiyo gari ni yangu." Akacheka. "Dada, wanawake na magari wapi na wapi?" Wageni wakacheka naye. Hata pasta, Hasina. Hata pasta.

Mama akaweka kikombe chini. "Kivuva, wewe uliikalia ukavunja boneti. Dada yako Ndila alilia siku mbili, halafu akaitengeneza upya."



Unajua huyo mjinga alisema nini? "Msimjali mama, siku hizi anasahau."

Mama mwenyewe! Mbele ya watu!

Mama aliinuka polepole, akaichukua gari, akaniwekea mikononi. "Enda nayo kwako."

Sasa nimeipakata hapa. Kivuva anabisha mlango, anasema wageni wanataka kupiga picha nayo.

Wapige picha na misumari yake.