Lori Lililotoka Goma

Jumatatu, 3 Februari
Mashuka tena. Mashine moja imeharibika, nimefua kwa zamu mpaka mgongo ukakaza. Alhamisi wazee wa makao haya wataonyeshwa sinema ya zamani, ya mapenzi na vita, isiyo na rangi. Wameiomba wenyewe. Nasi wafanyakazi tumekaribishwa. Bwana yangu Bahati hajapiga simu wiki hii. Mtandao wa Goma, nadhani.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeiona. Daktari wa jeshi anampandisha mpenzi wake treni ya mwisho, halafu yeye anashuka. Majeruhi hawana mtu mwingine. Treni inaondoka, mwanamke anapiga kioo kwa viganja. Wazee wote walilia. Mimi nililia kuwapita.

Njeri wa jikoni, Mkenya, aliniuliza nina nini. Nikamwambia bwana yangu alifanya hivyohivyo. Ni muuguzi. Karibu miaka minne iliyopita alitupandisha lori la wakimbizi, mimi na binti yetu Neema, kisha akaruka chini. Alisema hawezi kuwaacha wagonjwa, angetufuata baadaye.

"Uko na bwana kweli, dada," Njeri akasema. "Wangu hata kiti cha basi hawezi nipea."

Nimerudi nyumbani, mtaa wetu wa Kingstanding huku ugenini, nikitembea kama malkia.

Jumamosi, 8 Februari
Wifi Aline, dada yake Bahati, amepiga kutoka Kampala. Alianza kwa kulia. Bahati anaishi hukohuko Kampala, na mwanamke mwingine. Wana mtoto wa kiume, ameshaanza chekechea.

Chekechea! Basi tulipopanda lori, mwanamke yule alikuwa na mimba tayari.

Hakukuwa na majeruhi, wala wagonjwa. Alikuwa na mtu wa kumrudia, basi. Na machozi yale pale barabarani, akinishika mkono mpaka dereva akamfokea? Aliyatoa wapi?

Jumapili, 9 Februari
Kanisani mchungaji amemwombea tena "ndugu yetu Bahati, shujaa, aliyebaki na wanaoteseka." Hufanya hivyo kila Jumapili. Watu wakanigeukia kwa huruma. Nikasema amina. Najichukia kwa amina ile.

Jumanne, 11 Februari
Nimempigia Bahati. Nilitaka akane. Hakukana.

"Ningekwambia ukweli, usingepanda," akasema.
"Ungeniacha nichague."
"Uchague nini, Furaha? Nyumba yetu iliungua wiki ileile mliyoondoka. Si mko wazima? Si Neema anasoma?"

Nimekata simu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mwanamke, kuliko hata mtoto: tuko wazima. Neema anasoma. Mwongo yule alituokoa kweli, na siwezi hata kumlaani vizuri.

Jumatano, 12 Februari
Nimemwambia Neema. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. Hakushtuka. Akanijibu kwa Kiingereza, macho chini, kwamba anajua tangu kabla ya Krismasi. Aliona picha mtandaoni, kwenye simu yake: baba yake amembeba mtoto mabegani.

Kwa nini hukuniambia? Akasema nilikuwa nafurahi sana kila nikimtaja.

Mtoto wa miaka kumi na minne ananitunzia uongo nisiumie. Kama baba yake. Nilitaka kumpiga kofi. Nikamkumbatia, kwa nguvu mno, mpaka akalalamika.

Ijumaa, 14 Februari
Kazini wamejaza maua ya plastiki kila meza kwa ajili ya siku ya wapendanao. Njeri ameniuliza kuhusu shujaa wangu. Nimemwambia yote palepale, karibu na masufuria. Aliacha kukata vitunguu. Hakunipa pole. Alitukana kwa Kikikuyu, tusi refu, sikulielewa, na lilinisaidia kuliko maombi yote.

Jumapili, 16 Februari
Sikwenda kanisani. Mvua tangu asubuhi. Neema amelala mpaka saa sita, nimemwacha.

Jirani, yule mama wa mlango wa pili, amenikuta nikitoa taka. Akaniuliza bwana yangu atafika lini. Nikamwambia haji. Akasema pole. Nikamshukuru, nikaingia ndani, nikapika wali wa watu wawili.