Fimbo ya Njia Mlangoni

Mshauri,

Naanza na swali lenyewe, kwa sababu nimelizungusha kichwani muda mrefu mno, na nikianza na habari zake nitalipoteza: je, mke anaweza kuachwa na mume ambaye hajatoka nyumbani? Nisaidie, maana nimefundisha falsafa chuoni hadi nilipostaafu, nimewazoesha wanafunzi kutenganisha hoja na machozi, na katika hili mimi mwenyewe nimeshindwa kuvitenganisha.

Mume wangu alikuwa dereva wa kiberenge, lile behewa moja lenye injini yake ya dizeli chini ya sakafu, lililotoka stesheni kubwa ya mji wetu na kufuata tawi la reli hadi mashambani, likibeba walimu, wauguzi, magunia na kuku waliofungwa miguu, ambalo halivuti kitu wala halivutwi, na likifika mwisho wa njia haligeuzwi, bali dereva huchomoa mpini wake wa kuendeshea, hupita katikati ya abiria akisalimiana nao, akaketi ncha ya pili, na kilichokuwa nyuma kikawa mbele. Kazi hiyo aliifanya bila msaidizi hadi mabasi yalipowachukua abiria wote, njia ikafungwa, akastaafishwa, na siku ya mwisho wakampa fimbo ya njia iwe ukumbusho.

Niruhusu nieleze fimbo hiyo, kwa kuwa shida yangu imening'inia juu yake. Reli ya tawi ilikuwa moja tu, ya kwenda na kurudi, hivyo ili viberenge viwili visije vikakutana uso kwa uso palikuwa na fimbo moja ya shaba, fupi, ambayo dereva alikabidhiwa na mkuu wa stesheni kabla ya kuondoka, na gari ambalo dereva wake hakuwa nayo halikuruhusiwa kuingia njiani hata kama njia inaonekana nyeupe mpaka upeo wa macho. Mwenye fimbo ndiye mwenye njia.

Sasa chumba alichokuwa akilala binti yetu kabla ya kuolewa amekigeuza kuwa tawi hilo, amezizungushia meza kuta zote nne na juu yake akaitandika njia nzima kwa udogo, mataruma ya kulalia reli ya njiti za kiberiti, nyasi za unga wa mbao uliotiwa rangi, na kiberenge chenyewe, kisichozidi urefu wa kiganja, alichokikata kwa plastiki na bati la kopo, akakipiga msasa, akakipaka rangi kikang'aa, kisha, nilishangaa, akakichafua tena kwa mswaki uliochovywa rangi ya kutu, kwa sababu, kama nilivyomsikia akimwambia fundi redio anayemuuzia vimota, "Kiberenge kisafi ni cha kwenye kalenda, bwana, cha kazini kina uso." Mlangoni amepigilia misumari miwili na kuilaza fimbo juu yake. Akiingia huichukua. Siku alipoipachika aliniambia, "Fimbo ikiwa haipo, ujue njia ina gari," nami nikaelewa, na tangu hapo nikikuta misumari mitupu siingii, naweka chai kwenye kigoda nje ya mlango, nagonga mara moja, naondoka. Nikiwa koridoni nasikia mota ikilia kama mbu, na nasikia akitangaza majina ya stesheni, polepole, kwa sauti ya upole ambayo mezani kwangu siisikii kamwe.

Siku aliyokwenda kupimwa macho niliichukua fimbo mimi, nikaingia. Mshauri, niliona nguo zilizoanikwa kwenye uzi, benchi la kusubiria lililobonyea katikati, bomba lenye tone la gundi lililokaa kama maji yanayotaka kudondoka, na sikuona mtu. Stesheni zote zimefagiliwa na hazina mtu hata mmoja, si jukwaani, si ndani ya kiberenge. Nikahitimisha palepale kwamba ameijenga dunia anayoitaka na haina watu; lakini nilipokuwa nikifunga mlango nikakumbuka jinsi kikombe kinavyotetemeka mkononi mwake siku hizi, nikajiuliza kama si kwamba vijisanamu vya watu ni vidogo mno kuundwa na vidole vile, na sijui hadi leo ni hitimisho lipi nililipenda kwa kuwa ni kweli na lipi kwa kuwa linaniuma vizuri.

Lililonifanya niandike ni hili. Binti yetu amejifungua, yuko mji mwingine, na likizo yake ya uzazi inakwisha. Alinipigia akasema, "Mama, njoo ukae kwetu. Si kuja kutembea, kukaa. Baba ana treni zake, hata hatajua umeondoka." Akacheka, nami nikacheka, kisha nikabaki nimeshika simu iliyokwisha kukatika. Nilimwuliza mume wangu wakati wa chakula, "Binti ananiita nikakae naye. Unaonaje?" Akasema, "Uamuzi wako, mama. Mimi sina neno," akasogeza sahani. Nilimweleza wifi yangu, dada yake, nikitumaini atanihurumia, naye akapiga kofi gotini: "Wifi, shukuru Mungu! Wanaume wengine treni zao zinavaa wigi na kucha za kubandika. Huyo wako anachezea mota, nawe unanuna?"

Huenda wifi yuko sahihi na mimi ni mtu mzima anayeionea wivu plastiki. Binti anangoja jibu. Sijui kama kwako natafuta ruhusa ya kuondoka au sababu ya kubaki. Kila nikijichunguza nahisi hata katika sentensi hii najidanganya kidogo.

Mke wa dereva

*

Mke wa dereva,

Pole. Chai inayoachwa nje ya mlango ina upweke pande zote mbili za ubao, na wa kwako nimeusikia hadi hapa. Hiyo ndiyo pole yangu. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Fimbo ile ilizuia nini? Umeniandikia mwenyewe: ilizuia gari la pili. Haikuwazuia walimu, haikuwazuia wauguzi, haikuwazuia hata kuku. Fimbo ilikuwa moja na behewa lilijaa watu, na hakuna aliyevunja sheria. Mumeo alikwambia njia ina gari. Hakukwambia gari limejaa. Wewe, mwalimu wa hoja, uliongeza sharti ambalo mwenzio hakulitamka, ukaliheshimu miaka nenda miaka rudi, kisha ukamlaumu kwa ukuta ulioujenga wewe. Mwanafunzi wako angekuletea hoja ya namna hiyo ungemrudishia karatasi.

Yeye simtetei. Mtu anayetangaza stesheni katika chumba kitupu anajua fika kwamba hakuna abiria, na mkono wa kufungua mlango anao. Labda alidhani chai ile inayogongwa mara moja na kukimbiwa ndiyo namna yako ya kumwambia, "Usinisumbue." Ninyi wawili mmestahiana hadi mmepoteana.

La pili. Ulimwuliza, "Unaonaje?" Mama, hilo ni swali la kikao. Mtu akiulizwa unaonaje hutoa maoni, na asiye na maoni husema hana neno. Hukumwuliza anataka nini. Uliogopa jibu, ukachagua swali lisiloweza kulileta.

Basi fanya hivi. Mwambie binti yako akupe muda kidogo, na umweleze pia kwamba ule mzaha kuhusu baba yake ulikuchoma, kwani hakujua. Kisha subiri mchana ambao misumari iko mitupu. Usibebe chai, chai ndiyo kisingizio chako cha kuondoka. Gonga, fungua, simama hapohapo mlangoni useme unaomba kupanda. Akikataa, utakuwa umekataliwa kwa kinywa chake badala ya kukataliwa na shaba, na hilo lina uzito tofauti. Akikubali, vuta kiti ukae. Usimhoji kuhusu watu wasiokuwemo. Usimsifu kama mgeni. Sikiliza majina ya stesheni hadi mwisho wa njia, na pale anapolazimika kusimama ili gari lirudi, mwambie: "Binti yetu ananiita nikaishi kwake. Unataka nibaki?" Kisha nyamaza. Najua kunyamaza si fani yako; nyamaza hivyohivyo. Akisema nenda, nenda, na umlee mjukuu bila hatia. Akirudia kwamba ni uamuzi wako, nenda pia, lakini kwa muda mtakaoutaja mbele yake, naye akupeleke kituoni kwa miguu yake.

Lipo moja lililonishinda, nami sitajifanya nimeliweza. Akisema, "Nataka ubaki," atakuwa anakutaka wewe, au atakuwa anaogopa nyumba isiyo na mtu? Nashuku hata yeye hajui. Tangu mlipooana yeye ndiye aliyekuwa akiondoka na wewe ndiye uliyebaki. Nyumba hiyo bila wewe hajawahi kuijua. Ili ajue, na wewe ujue, itabidi mmoja wenu afunge mizigo, nami sina moyo wa kukushauri uondoke kwa ajili ya kupata jibu tu.