Saini kwenye Swali la Nne

Alhamisi, 12 Mei 1994

Orodha ya watakaopunguzwa kazi itatoka mwezi wa sita. Mzee Ulimboka, mkuu wetu wa masijala, ametuambia asubuhi bila kutuangalia usoni. Mwenye cheti cha utunzaji kumbukumbu atabaki. Mwenye barua ya kukubaliwa chuoni naye atabaki: atasoma, nafasi yake itamsubiri. Mimi cheti sina. Nina mtihani wa kuingia chuo, keshokutwa. Ufahamu mtupu, saa mbili nzima.

Mzee amenipa ruhusa kesho mchana nikajisomee. Sikumwomba! Namshukuru sana.

Jumamosi, 14 Mei

Mama mdogo Cecilia, ninayekaa kwake hapa Majengo, alinikaangia mayai mawili. Yeye akanywa chai kavu. "Kula. Ukizimia huko ndani watu watasema nakunyima."

Kifungu kilimhusu mkulima wa zabibu wa Makutupora. Mnunuzi wa serikali haji tena, sasa wanakuja wafanyabiashara binafsi, naye anaamua kuzianika zabibu zake badala ya kuziuza mbichi. Nilielewa kila neno. Nilimaliza kabla ya kengele. Nilitoka nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Nje, ukutani penye kivuli, kelele zikaanza. Swali la nne: kwa nini alizianika?

Meshack, aliyekaa nyuma yangu, akasema gari lilikuwa bovu.

"Gari? Gari limetoka wapi, kaka?" Huyo Gladness, niliyesoma naye sekondari.

"Aya ya tatu!"

"Aya ya tatu mkewe anaumwa. Wewe umefanya mtihani wa wapi?"

Damas, karani mwenzangu wa wilayani ila si wa masijala, akainua mkono kama yuko darasani. Bei! Zabibu mbichi zinaoza, mnunuzi anajua zinaoza, anakupangia bei. Zikikauka, unampangia wewe.

"Damas abaki afundishe, sisi twende nyumbani," Meshack akasema. Tukacheka.

Nikasema nami niliandika hivyo hivyo, ila kwa kifupi. Wakabisha. Nikaokota kijiti, nikaandika jibu langu mavumbini: Alianika ili asilazimike kuuza haraka. Na mkono — mkono wenyewe! — ukamalizia chini yake: M.C. 14/5/94.

"Eh!" Damas akasema. "Umesaini?"

Nikaeleza. Masijala, kila dokezo unaloandika kwenye jalada lazima uweke herufi za jina lako na tarehe. Hata likiwa mstari mmoja. Miaka miwili nafanya hivyo kila siku.

Gladness akazifuta herufi kwa kiatu. Maana maelekezo yalikuwa ukurasa wa kwanza: mtahiniwa aandike namba yake tu. Atakayeweka jina au alama yake popote, karatasi yake haitasahihishwa.

Je, nilisaini na mle ndani? Sikumbuki! Maneno ya kila jibu nayakumbuka. Mwisho wa kila jibu — giza.

Damas akanishauri ninyamaze. Karatasi mia nne, msahihishaji atakuwa amechoka, nani ataona? Gladness akanishika mkono. "Twende kwa msimamizi, Miriam. Utalala vipi?"

Mwalimu Matonya alikuwa anayeyusha lakiri kwa mshumaa na kuigonga kwenye bahasha ya mwisho. Nikamwamkia, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Akanisikiliza hadi mwisho, na mshumaa wake unaisha. Akasema bahasha hafungui, hata ningekuwa mwanawe. "Andika barua, binti, nitaipeleka pamoja nazo. Ila ujue, kama hukusaini, umejishtaki bure."

Niliandika. Gladness alinishikia karatasi. Barua nilisaini. Hiyo inaruhusiwa.

Jumapili, 15 Mei

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Gladness alikaa karibu nami ingawa kanisa lake si hili.

Jumatatu, 16 Mei

Nimemwambia Mzee Ulimboka. Nilidhani atafoka. Akavua miwani.

"Nani alikufundisha kusaini kila kitu?"

"Wewe, Mzee."

"Basi nusu ya kosa ni langu."

Akaandika barua kwa mkono wake kwenda kwa mkuu wa chuo. Akaambatisha nakala za madokezo yangu kumi, yote yana M.C., waone kuwa ni mazoea, si hila. Na yeye mwenyewe hajui kama atabaki kazini! Nilikwenda kulia chooni. Kulia kwa shukrani, sikujua kama kunaumiza kifua hivi.

Ijumaa, 27 Mei

Imefika. Tarishi wa chuo ameileta saa nne. Barua zote hupitia kwangu: nimegonga muhuri, nimeandika kwenye rejista, kutoka chuoni, kwa Mkuu wa Masijala. Imeandikwa SIRI. Za siri sifungui. Nimeiweka mezani kwake nikarudi kinyumenyume. Yuko kikaoni. Naandika hapa ili mikono ipate kazi.

Hata ikiwa mbaya, nisisahau. Gladness alinishika mkono. Mwalimu hakunifukuza. Mama mdogo hajaniuliza hata mara moja, anajua ningelia. Mzee aliweka jina lake kando ya langu. Watu wanne! Kuna wasio na hata mmoja.

Saa sita kasoro. Amerudi. Nimesikia bahasha ikipasuliwa. Ukurasa umegeuzwa — kwa hiyo ni kurasa mbili. Kukataliwa kunahitaji kurasa mbili?

Ananiita. "Miriam! Njoo na kiti."

Khamisi dereva na wenzake walioachishwa mwaka jana waliambiwa wakiwa wamesimama, pale mlangoni, dakika moja. Sijawahi kusikia mtu akiambiwa aje na kiti.

Kiti ninacho kimoja tu, hiki ninachokalia. Nasimama.