Pete za Zohali na Jicho la Shemeji

Jumamosi, 11 Novemba

Nimenunua darubini! Binti yangu alinituma nikanunue blanketi. Muuzaji alining'ang'anizia ile ndefu nyeupe, miguu myembamba kama ya korongo. Eti inakuza mara mia sita, bibi. Nikamuuliza upana wa kioo chake. Akageuza boksi, akatafuta, hakupata. Nimesoma vya kutosha kujua: ukuzaji ni majigambo, kinachokusanya mwanga ni mdomo mpana. Nikachukua ile fupi nene, pipa juu ya kigoda.

Shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, ameigonga kwa fimbo. "Umetuletea mzinga, shemeji. Tunampiga nani?"

Jumatano, 15 Novemba

Mwezi mwandamo, kutoka roshani. Huku ughaibuni husimama wima kama ukucha. Kwetu ulilala chali kama bakuli. Miaka yote hii, bado sijauzoea. Na ndani ya darubini umepinduka juu chini! Nilidhani nimeharibu kitu. Kitabu kinasema ndivyo zilivyo.

Shemeji hakuja kutazama. Binti, ambaye ni muuguzi, amempangia upasuaji wa mtoto wa jicho Alhamisi ya wiki ijayo, naye hataki kusikia. Eti macho yake mazima, taa za nchi hii ndizo hafifu. Jana alilisalimia koti lililotundikwa mlangoni. Kwa heshima zote.

Ijumaa, 17 Novemba

Zohali! Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Kidoa cha manjano, na pete yake kabisa, kama kimechorwa. Nilipiga ukelele hadi jirani wa chini akagonga dari.

Shemeji akashindwa kujizuia, akaja. Alipokuwa akiinama, mkono wangu ukakirudisha kifuniko kwenye mdomo wa darubini. Sijui ni shetani gani. Namjua sana.

"Ehee," akasema. "Pete hiyo! Tena mbili."

"Rangi gani, shemeji?"

"Dhahabu. Unadhani mimi kipofu?"

Niliuma mdomo nisicheke. Kisha nikakitoa kifuniko taratibu, nikamwambia atazame tena.

Akatazama. "Ni ile ile. Haijabadilika."

Nikakirudisha kifuniko, safari hii si kwa mzaha.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimemweleza yote, kwenye chai ya asubuhi.

"Umenifanya mtoto, shemeji."

"Mtoto angesema haoni."

Akanyanyuka na kikombe chake. Bega likagonga mwimo wa mlango.

Jumatatu, 20 Novemba

Bado amenuna. Binti anasema nimeharibu kila kitu, sasa hatakwenda hata kwa pingu.

Jioni niliielekeza darubini kwa Mshtarii, nikatangaza kwa sauti: miezi mitatu upande huu, mmoja upande ule, yote kwenye mstari!

"Semea moyoni," akasema kutoka kitini. Halafu: "Shemeji, nikifumba macho, kwetu nakuona wazi. Ngazi za shule. Mama anaanika shuka. Sasa hao madaktari wakikwangua jicho, wasije wakakukwangua na huko."

Nimesoma vitabu vingi. Hakuna kilichonisaidia. Basi nikasema lililonijia: hufanya jicho moja kwanza. La pili abaki nalo, na kwetu kwake ndani.

Akajigusa kope, moja kisha ya pili.

"Lipi?" akauliza.

Jumatano, 22 Novemba

Ameamka kabla yetu. Ameoga, amevaa suti, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, fimbo magotini.

Binti kamwambia kwa upole: "Baba mdogo, miadi ni kesho."

"Najua."

Hajavua viatu. Nimempelekea chai hapo hapo. Nimemuuliza kaamua jicho gani. Anasema nisimharakishe, bado anafikiri.