Kopi Uliyoiacha Mushaki

Yaya wangu, kaka yangu mpendwa,

Hapa Sake wanakuulizia bado. Si wote wanaojua kwamba tulikuzika. Kuna wanaofika studio wakisema wanamtaka kaka mkubwa, si mdogo wake, na inabidi niwaambie nimebaki mimi. Leo nakuandikia habari za kazi, kwa sababu ni wewe uliyeipanga, na kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu mwingine.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka Goma na zile diski mbili za okazioni, zilizokwisha kutumiwa na wengine? Mimi nilikuwa nimekuomba lenzi mpya. Wewe ukatoa mfukoni visanduku viwili vyeusi, vimekwaruzwa, kila kimoja ndani ya soksi. Nilikasirika. Nilisema tunapiga picha za arusi kwa kamera ya zamani, na wewe unaleta vitu vya kukaa kwenye droo.

"Lenzi ikiharibika, tutaazima ingine," ulinijibu. "Arusi ya bantu ikipotea, utabaambia baoane tena?"

Ukachukua rangi yangu ya kucha, ukatia alama nyekundu kwenye diski moja. Nyingine ukaiacha hivyo hivyo. Tangu siku ile kazi ilikuwa na utaratibu. Kompyuta kubwa ilibaki mezani, ndogo ilisafiri nasi Walikale, na kila Jumamosi ulinakili zote mbili kwenye diski iliyokuwa nyumbani. Mwisho wa mwezi ulipanda pikipiki mpaka Mushaki, ukamwachia Mama Mudogo, ndugu ya mama yetu, diski iliyojaa, ukarudi na ile nyingine. Nilikuuliza kwa nini tusiweke picha kwenye mtandao kama wanavyofanya wenzetu wa mjini. Ukajaribu mbele yangu: ubatizo mmoja tu ulimaliza mega zote tulizonunua, na picha hazikufika nusu. Hukuzungumzia tena mtandao.

Safarini ulikuwa mkali zaidi. Kadi ya kamera haikufutwa mpaka picha ziwe mahali pawili, na flashi ndogo yenye kopi ya pili ulikuwa unaifunga ndani ya shati, mbali na mfuko wa kompyuta. Tena ulinilazimisha kufungua picha kumi za kila kopi, moja moja. "Kopi yenye haujafungula, haiko kopi," ulikuwa unasema, na mimi nilikuwa nachoka kukusikia.

Kule Mpofi, huko Walikale, ile siku ya kipaimara, ulimpiga picha Riziki. Alivaa gauni jeupe la kuazima na alikuwa anaficha mdomo kwa mkono, kwa sababu jino la mbele lilikuwa limevunjika. Ulimwambia, "Acha jino lionekane, njo kwa iyo tutakujua mbinguni." Akacheka kwa sauti, mkono ukashuka, ukabonyeza. Mama yake alikuwa amesimama kando na jembe mkononi. Akakuuliza picha hiyo itakaa wapi, ukamweleza kila kitu kwa subira, mpaka habari za Mushaki.

Halafu uliugua. Miezi ile sikwenda Mushaki hata mara moja. Jumamosi zilipita, nami sikunakili kitu. Nilijiambia ukipona utafanya mwenyewe.

Ulipoondoka, vita navyo vikatufikia. Asubuhi moja Sake yote ilikuwa barabarani. Nilibeba kompyuta ndogo mgongoni na godoro kichwani. Kompyuta kubwa ilibaki mezani, na ile diski isiyo na alama ilibaki kwenye droo. Kambini mvua ilitupiga siku tatu chini ya hema lililopasuka, na kompyuta ndogo ikanywa maji. Haikuwaka tena. Niliporudi nyumbani, meza ilikuwepo lakini juu yake hapakuwa na kitu. Droo zilikuwa zimekwenda, hata nyaya zilikuwa zimeng'olewa ukutani. Niliketi chini. Nilidhani na ya Mushaki imepotea, maana na wao walikimbia. Sikwenda kuuliza. Niliogopa jibu.

Aliyenisukuma ni Mama Riziki. Alikuja kutoka Mpofi, siku nyingi njiani. Homa ilikuwa imemchukua binti yake, hayuko tena, na picha yao ya karatasi ilibaki katika nyumba waliyoikimbia.

Nikamwambia, "Mama, unisamehe. Mashini zote zilipotea."

Akaniangalia kama mtu asiyenisikia vizuri. "Mashini zilipotea, nasikia. Ile ya kwa mama mudogo wenu je? Kaka yako alinielezea."

Kesho yake tulipanda pamoja mpaka Mushaki.

Mama Mudogo alitupokea, akalia kidogo kwa ajili yako, kisha akaingia ndani. Alirudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na maharagwe, na katikati ya maharagwe soksi yako.

"Aliniambia nikikimbia nibebe hii mbele ya sufuria," alisema. "Nilibeba vyote viwili."

Mwalimu wa pale alituazima kompyuta yake. Diski ilikwaruza, ikanyamaza, ikafunguka. Tulimtafuta Riziki mpaka tukampata, mdomo wazi, jino lake lote nje. Mama yake hakulia. Aligusa kioo kwa kidole na kusema, "Anacheka." Akarudia, "Muone, anacheka." Nilimchapishia picha mbili, moja ya nyumba yake, moja ya kwa dada yake.

Sasa nina kompyuta moja ya okazioni na diski mbili tena. Mama Mudogo amerudi kwenye kazi yake ya kutunza moja, na mwisho wa mwezi ninapanda mwenyewe.

Jambo nililotaka kukuambia ni hili. Wiki mbili kabla hujafariki uliniomba nikupige picha. Uliketi kwenye kiti cha wateja, umevaa koti la Papa, baba yetu, ukaniambia nisiharakishe. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Niliiweka kwenye kompyuta zote mbili, lakini kwenye diski ya kupeleka Mushaki sikuiweka, kwa sababu sikuweza kuitazama. Imepotea, yaya. Watu wote wa huku kwetu Masisi na wa Walikale wamo katika diski yako, na wewe humo, kwa kuwa siku zote ulikuwa nyuma ya kamera.

Nilikutafuta siku nne. Nimekupata mahali pamoja: arusi fulani, umeinama kumtengenezea bibi arusi shela, umetupa mgongo. Uso hauonekani. Niliichapisha, nikampelekea Mama Mudogo bila kumwambia ni nani.

Aliishika karibu na dirisha, akaigeuzia mwangaza.

"Njo yeye," alisema. "Shingo yake iyo."

Nisamehe, nawe upumzike salama.

Mdogo wako wa studio