Mdomo Wangu na Bomba la Kukanyaga

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza daftari hili kwa sababu nimekuwa mtu mkubwa. Watu wakubwa huandika mambo yao. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili, niliyeambiwa na mwalimu wa hesabu kwamba kichwa changu ni cha kuvalia kofia tu – jina langu linakwenda kwenye jarida! Si gazeti. Jarida la afya ya jamii, linalosomwa na madaktari wenye miwani minene.

Nimeliona kwa macho yangu kwenye kompyuta ya Shangazi. Waandishi wanne. Wa kwanza Shangazi mwenyewe, afisa afya, mwenye utafiti. Wa pili Mtakwimu, mwenzake wa ofisini – ukimuuliza habari anajibu "nzuri, kwa kiasi kikubwa". Wa tatu Mpole, kijana mwenzangu. Wa nne mimi. Nimeuliza kwa nini Mpole amenitangulia. Shangazi kasema sisi wawili tumepangwa kwa alfabeti. Sawa. Nitabadili jina.

Kazi yenyewe ni hii. Sokoni kuna vyoo viwili. Cha juu kina bomba la zamani, la kuzungusha. Cha chini Shangazi alifunga bomba la kukanyaga – unaweka mguu kwenye pedali, maji yanatoka, mkono haugusi chuma. Mwaka jana tulikaa wiki mbili, Mpole juu, mimi chini, kila mmoja na vidude viwili vya kuhesabia. Mtu akitoka akanawa, tik mkono wa kulia. Asiponawa, tik mkono wa kushoto. Kwa Mpole, katika kila watu mia, walionawa ni thelathini na wanane. Kwangu mimi – sabini na mmoja! Mtakwimu alipoona namba hiyo aliangusha kalamu.

Shangazi anataka mabomba haya yafungwe kwenye masoko yote tisa ya mji. Mhandisi wa halmashauri kamwambia alete karatasi iliyochapishwa, maneno amechoka nayo. Majarida mawili yameshaikataa. La kwanza lilikataa ndani ya siku mbili, la pili lilikaa nayo miezi saba ndipo likakataa. Hili la tatu lina toleo maalumu la maji na usafi. Mlango unafungwa Ijumaa tarehe 14, saa kumi jioni. Shangazi anasema likikataa na hili, hana miguu ya kuliendea la nne.

Halitakataa. Mimi nimo.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimechinja maneno sitini na moja.

Jarida linataka muhtasari usiozidi maneno mia mbili na hamsini. Wa Shangazi ulikuwa na mia tatu na kumi na moja. Yeye hawezi kukata, kila neno kalizaa mwenyewe. Nikamwambia niachie mimi, sina huruma. "Ni muhimu kutambua kwamba" – chini! "Kwa ujumla wake" – chini! Mtakwimu kapita, kasoma, kasema bila kutaka: kijana ana kisu. Nimemwambia na upanga ninao nyumbani.

Halafu picha. Jarida halitaki picha yenye ukungu, na ya zamani ilikuwa kama imepigwa ndani ya chungu. Nikaenda nayo simu ya Shangazi mpaka choo cha chini, nikapiga bomba upya, na mguu juu ya pedali ili waone linavyotumika. Mguu ni wangu. Kandambili ya bluu. Maprofesa watautazama mguu huu na kuandika maoni!

Jioni Baba kapiga simu kumsalimu dada yake, nikapewa niongee. Kasema kasikia nimekuwa mlinzi wa choo. Nikamwambia mtafiti, Baba. Kasema mtafiti wa choo. Nikamwambia ngoja jina litoke, utaliweka kwenye fremu. Kacheka. Kile kicheko chake cha puani. Tutaona.

Alhamisi, 6 Machi

Marejeo. Thelathini na nane! Kila moja na nukta yake na mkato wake, na jarida linataka mkato pale ambapo jarida la pili lilitaka nukta. Mpole kayafanya yote bila kunung'unika. Yule alipozaliwa alisema samahani.

Ijumaa, 7 Machi

Jarida limeleta orodha ya maswali ya kujaza kabla ya kutuma. Mengi ni ya Shangazi: kibali cha utafiti, nani alifanya nini. Moja ni letu: waangalizi walikaa wapi, walifanya nini, je, waliongea na waliokuwa wakiangaliwa?

Shangazi kasema kila mtu aandike ukurasa wake kwa maneno yake, yeye atanyoosha. Mpole kaandika mistari mitatu. Mimi nimeandika ukurasa na nusu, na nyuma pia.

Nimeeleza yote. Nilivyokaa kwenye kreti mbele ya bomba. Nilivyowajua wote kufikia siku ya pili, nao wakaniita Kidomo. Muuza nyama akitaka kupita nilimwambia, "Bosi, mikono hiyo ndiyo inarudi kwenye maini ya watu?" Yule wa tai, karani wa ushuru: "Mheshimiwa, shingo imependeza, vidole je?" Mama wa nguo za mitumba: "Mama, mjukuu atabebwa na hiyo?" Walicheka, walinitukana, walinawa. Mmoja alirudi kutoka kwenye mboga!

Hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote kwenye muswada. Wanapaswa kuiweka juu.

Jumamosi, 8 Machi

Ofisini. Feni imekufa, dirisha wazi, kelele za soko zote zimo chumbani.

Mtakwimu kachukua ukurasa wangu kwanza, akausoma kwa sauti. Kacheka mpaka kavua miwani. Kafika kwa muuza nyama – kicheko kikakatika, kama redio iliyochomolewa. Akamtazama Shangazi. Shangazi akanyoosha mkono, akaomba karatasi.

Kaisoma mara mbili. Kisha kauliza kwa upole, "Mpole, mwanangu, wewe uliwaambia nini watu?"

"Mimi? Shikamoo tu. Kwa wakubwa."

Nikadhani wananisifu kwa kuzunguka. Nikasema Mpole asilaumiwe, kipaji hakigawiwi sawa. Mtakwimu kaniambia, "Kijana, nyamaza kidogo. Sasa hatujui kama walinawa kwa sababu ya bomba au kwa sababu yako."

Nami nikajibu – naona haya kuliandika – nikajibu, "Kwa sababu yangu, bila shaka!" Na meno nje.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoelewa.

Mtakwimu akafunga mlango. Kasema karatasi hii wameiona wanne tu. Tuandike mwangalizi alikaa mita tano na hakusema neno, kama ilivyopangwa, yaishe. Miaka mitatu ya kazi, mama! Shangazi kanigeukia mimi.

"Ulikuwa unasema mara moja moja, au kila siku?"

Nyuma yake Mtakwimu ananikonyeza jicho na kuchezesha midomo: moja moja, moja moja. Nililijua jibu lenye jina langu ndani yake. Lilikuwa limesimama pale mlangoni, limevaa vizuri.

"Kila siku, Shangazi. Siku zote kumi na nne. Hata ile niliyokuwa na mafua."

"Kila mtu?"

"Wote. Ila labda waliokuwa na mbio kunizidi."

Shangazi kakaa. Kakunja karatasi yangu mara mbili, kaitia kwenye mkoba wake, si kwenye taka. Kasema Jumatatu unarudi pale pale, kreti ile ile, bomba lile lile. Watu mia wa kwanza kila siku, siku tano. Na mdomo umefungwa.

Mtakwimu kasema siku tano ndizo zilizobaki. Shangazi kasema anajua kuhesabu.

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya mazoezi ya kunyamaza. Dakika kumi na moja! Shangazi kaja kunigusa paji la uso, kadhani naumwa.

Jumatatu, 10 Machi

Sitini na wawili katika mia! Bila neno! Nimewafunza hawa, sasa wanajiendesha wenyewe. Karani wa ushuru kanipungia vidole vyake vilivyolowa. Nimerudi ofisini nikitembea katikati ya barabara.

Jumanne, 11 Machi

Hamsini na wanne.

Mama wa mitumba kaniuliza kama naumwa jino. Nimekaza midomo. Kaondoka bila kunawa. Kaniangalia mara mbili, kaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Arobaini na saba. Pedali imekaa pale, inang'aa, hata kuikanyaga kwenyewe ni raha, watu wanapita kama ni jiwe!

Mtakwimu kachora mstari mwekundu kwenye karatasi yake. Watu mia tano kwa siku tano. Wakinawa mia mbili na hamsini au zaidi, bomba lina kazi yake lenyewe, Shangazi atakuwa na la kumwambia mhandisi. Chini ya hapo, kasema, bomba ni pambo. Shangazi kamwambia mstari ni wako, mimi nitaandika namba yoyote itakayokuja. Lakini nimemwona akiutazama ule mstari Mtakwimu alipotoka.

Alhamisi, 13 Machi

Arobaini na mmoja. Jumla mia mbili na nne. Kesho tunahitaji arobaini na sita.

Kila kitu kiko tayari. Barua kwa mhariri, jedwali, mguu wangu. Kwenye sehemu ya mbinu Shangazi kaandika wazi: mwangalizi wa choo cha chini aliongea na watumiaji katika kipindi chote cha kwanza. Hakulainisha. Jina langu bado la nne, nimechungulia. Kwenye jedwali la mwisho kuna kisanduku kimoja kitupu.

Nimekaa nikifikiri, kazi nisiyoizoea. Namba ikipanda, bomba limeshinda, na domo langu lilikuwa kelele tu. Ikishuka, basi mimi ndiye niliyewanawisha watu wale, mimi peke yangu, na Shangazi anakosa mabomba yake. Nimetafuta kushinda maisha yangu yote. Kesho naomba nipigwe na bomba.

Nimemwambia Shangazi hivyo, tukiwa tunachambua mchele. Kanijibu bila kuinua macho kwamba mji hauwezi kunifunga mimi kwenye masoko yote tisa. Halafu kasema, "Ungekuwa wafungika, ningekuagiza tisa."

Nimechambua mchele ule punje kwa punje.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hapa hapa kwenye kreti, daftari gotini, vidude miguuni. Nimegundua kalamu inaupa mdomo kazi nyingine. Laiti ningeligundua Jumatatu!

Saa nne. Watu hamsini na wawili wameshatoka, walionawa ishirini na watatu. Mtu na mkewe wametoka pamoja, kila mmoja mlango wake, mke kanawa, mume kamsubiri akichezea funguo. Nimeuma kola ya shati.

Saa tano. Themanini, thelathini na wanane. Karani wa ushuru kanipita. Vidole mfukoni. Mheshimiwa! Ningekuwa na ruhusa ya neno moja tu!

Shangazi kapiga simu, nikapokea bila kuongea, nikagonga simu kwa kucha. Kaelewa. Kasema fomu iko wazi, kajaza yote, wamebakiza kile kisanduku. Nyuma namsikia Mtakwimu akimhimiza, mtandao unaweza kuzimika, tutume. Kamwambia tunamsubiri Kidomo. Hajawahi kuniita hivyo. Hilo ni jina la sokoni.

Saa tano na nusu. Mama wa mitumba kanawa! Kanawa mpaka viwiko, akinitazama, kisha kaja akanishika shavu kwa mkono wa baridi, kasema, "Pona haraka, baba, soko limekuwa kama hospitali." Tik ya kulia. Je, hii ni ya bomba au yangu? Mtakwimu hakutufundisha hili. Arobaini na watano.

Tisini na wanane wameshatoka. Wamebaki wawili. Ninamtaka mmoja tu.

Anatoka wa tisini na tisa. Muuza nyama. Aproni ile ile.

Kafika kwenye bomba. Hakupita. Hakukanyaga. Kasimama.

"Kidomo."

Naandika.

"Siku ya tano leo. Nimekukosea nini?"

Nimetikisa kichwa. Kutikisa kichwa ni kusema? Sijui!

"Basi niambie lile la maini. Niambie, nisikie." Watu wawili wanasubiri nyuma yake. Mmoja kamwambia bwana, pisha au nawa. Hakugeuka. Kainua mguu, kauweka juu ya pedali, haugusi. Ananitazama mimi, mtu mzima yule, kama anasubiri chenji.

Simu inatetemeka mfukoni. Shangazi.

Vidude vyote viwili viko mikononi mwangu, naandika navyo, herufi zinakwenda upande. Ulimi wote uko kwenye meno.

Mguu bado uko juu.