Mashine Isiyonguruma

Kisaju, 11 Januari 2025

Sopa, Paker.

Huko Doha uko mzima? Joto limekuachia nyama yoyote? Sisi tuko salama. Mama Soipan anauguza goti, lakini mdomo haujaguswa. Mvua imetupita ikaenda kwa watu wengine.

Nimekuita Paker na nitaendelea. Ulinipa kondoo ulipokuja kumwomba binti yangu Soipan, na kwetu Wamaasai aliyetoa na aliyepewa huitana kwa jina la mnyama. Soipan alikuacha mwaka jana, sawa. Kondoo hakuniacha. Ako na wajukuu sasa.

Shida ni tangi lako la samaki. Tangu nilitoe kwa ile nyumba yenu ya Noonkopir na pikapu ya kanisa, samaki wamekaa hapa kama wageni wa heshima: maji ya kisima hawataki, na chumvi yao ni ya kununuliwa dukani. Yule wa mistari nimemwita Keri, jina la ng'ombe. Wazee wanakuja kuwaangalia. Mmoja aliuliza wanakamuliwa saa ngapi.

Sasa skima imekufa, ile mashine inatengeneza povu ndani ya maji ili uchafu upande nalo mpaka kwa kikombe cha juu. Evalyne wa duka la samaki pale Kitengela ako na mbili. Moja ni kubwa, inaweza kusafisha tangi mara tatu ya hili, lakini inanguruma kama mashine ya kusaga unga. Ya pili ni ndogo na imenyamaza. Chagua haraka kabla maji hayajaoza.

Soipan huja kila Jumamosi kutoka Kajiado anakofundisha. Haji kuniona mimi. Anavuta kiti mbele ya tangi, anakaa.

Baki na amani,
Paker


Doha, 12 Januari 2025

Sopa, Paker.

Nashukuru kusikia mko salama. Pole kwa goti la yeyo Mama Soipan, mwambie asilale na maji baridi karibu. Mimi mzima, narekebisha mitambo ya baridi kwa watu wanaolalamika kwamba wanasikia baridi.

Nakuambia wazi kwa sababu wewe hunicheki sana: mkataba wangu unaisha Aprili. Nataka nije nimwombe Soipan tuanze upya. Kwa hivyo hilo tangi lisife. Akiona limekufa atajua nami sina maana.

Nunua kubwa. Mashine hainunuliwi ya kutosha, inanunuliwa ya kuzidi. Siku moja tutaongeza samaki.

Wako,
Paker


Kisaju, 19 Januari 2025

Sopa, Paker.

Natumaini hujambo. Goti limepata nafuu, sasa tunasikia habari za mgongo.

Sijanunua bado. Evalyne anasema samaki wetu ni wachache, ile kubwa itakosa uchafu wa kufanyia kazi. Leo itatoa povu, kesho itakauka. Ni kama kuweka ndume watano kwa ng'ombe wawili.

Jana nilimwuliza Soipan. Alisema kule Noonkopir ile mashine yenu ya zamani ilikuwa hapo sebuleni, karibu na kiti chake, na ikinguruma, mwenye kutaka kuongea alipaswa kupiga kelele. Mkapiga kelele. Halafu mkachoka, hakuna aliyeongea. Anasema alikuomba mashine nyamavu mara mbili. Mimi ni mzee wa mbuzi, sikuelewa vizuri. Pengine wewe utaelewa.

Paker


Doha, 20 Januari 2025

Sopa, Paker.

Nimefurahi mko wazima. Nimeelewa kabisa. Hiyo kelele inatoka mahali hewa inaingilia. Chukua mpira mwembamba, uunganishe hapo, ile ncha nyingine itie ndani ya chupa ya plastiki yenye sponji, na uitoboe. Chini ya mashine weka kipande cha ndala kuukuu ili kabati lisitetemeke. Kelele kwisha.

Chukua kubwa tu.

Paker


Kisaju, 9 Machi 2025

Sopa, Paker.

Habari za kazi? Huku tuko, isipokuwa chui wa mtu mwingine amekula mbuzi wangu wawili. Nasema wa mtu mwingine kwa sababu nilipopiga simu hakuna ofisi iliyokubali ni wake.

Usikasirike. Nimenunua ndogo. Soipan ndiye alichagua. Evalyne aliziwasha zote mbili, Soipan akafunga macho, akasikiliza, akanyooshea kidole ile ambayo hakuisikia.

Siku za kwanza ilikataa kutoa povu. Nikataka kuirudisha. Evalyne akasema mashine mpya huwa hivyo, mpaka izoee maji. Sasa kila asubuhi kikombe kina maji ya rangi ya chai iliyolala, na harufu ya kumfukuza fisi. Jumamosi Soipan ndiye anaosha.

Jana akiosha aliuliza unakuja lini. Aliuliza vile mtu anauliza bei ya kitu na hataki muuzaji ajue anakitaka, bila kuniangalia. Nikasema Aprili. Akakiosha kikombe mara ya pili, na kilikuwa kimeshatakata.

Sasa hivi wanapoogelea hao samaki hakuna sauti hata kidogo hapa sebuleni. Mtu anaweza kuongea. Njoo.

Paker


Doha, 11 Machi 2025

Sopa, Paker.

Pole kwa mbuzi. Mimi sijambo.

Ndogo si mbaya, ila uangalie kina cha maji inaposimama. Povu likiwa la majimaji sana, fungua vali kidogo maji yashuke. Likiwa kavu, funga vali kidogo. Usiguse mara kwa mara. Gusa, kisha usubiri siku nzima.

Aprili sitaweza. Kampuni imenipa miaka miwili mingine, mshahara mzuri sana, na jana nimetia sahihi. Mwambie Soipan asubiri kidogo. Nikija nitakuja na tangi la lita mia sita, na hapo utakubali kwamba ile kubwa ndiyo ilikuwa ya kununua.

Hao samaki usiwahesabu tena kuwa wangu. Nimekupa, ni wako, usisumbuke kuchunga mali ya mtu.

Paker


Doha, 6 Julai 2025

Sopa, Paker.

Mbona kimya hivi? Nimeandika Aprili na Mei, naona umesoma. Mko wazima? Goti? Skima inafanya kazi?

Nimeomba likizo ya Desemba, wameniambia watafikiria. Soipan alisema nini?

Paker


Kisaju, 21 Septemba 2025

Sopa.

Natumaini uko mzima. Sisi ni wazima. Utaona sijakuita jina. Nitafika huko.

Ulisema nimwambie Soipan asubiri kidogo. Nilimwambia. Akaniuliza hiyo kidogo ni kiasi gani. Nikatoka nikaenda kwa mbuzi.

Mwezi uliopita Kitheka, mwalimu mwenzake, aliingia hapa kwangu na kondoo. Si kondoo wa maana, alimnunua sokoni na mguu mmoja una mashaka. Wako pia alikuwa hivyo. Soipan amekubali. Na aliniomba kitu kimoja, yeye ambaye hajaniomba kitu tangu viatu vya shule: nyumba hii isiwe na Paker wawili. Ndiyo maana nilinyamaza. Kila nikianza kukuandikia, ninaanza na hilo jina, kisha nafuta.

Skima inafanya kazi. Maji unayaona ni safi kama dirisha, na bado kila asubuhi kikombe kimejaa uchafu ambao hukujua uko humo. Nilitaka kusema neno hapo, juu yako na Soipan. Lakini utanijibu kuhusu vali.

Basi nikakaa na shida ya jina, maana siwezi kukuandikia kama mtu wa kukutana naye barabarani. Uliandika Machi kwamba umenipa samaki. Najua uliandika kwa haraka. Kwetu kupewa ni kupewa. Tuko na jina la kuitana kwa kondoo, kwa mbuzi, kwa ndama, kwa ng'ombe. La samaki halipo. Samaki hata kumla hatumli. Niliuliza wazee wa hapa Kisaju, wakacheka mpaka mmoja akajimwagia chai. Kwa Kimaa samaki ni sinkirri. Sasa jina liko, na Kajiado nzima ni letu wawili tu.

Keri hajambo. Unakula vizuri? Jibu hilo tu.

Pasinkirri


Doha, 22 Septemba 2025

Sopa, Pasinkirri.

Sili vizuri.

Soipan hakuniomba ile nyamavu mara mbili. Ilikuwa tatu. Ya tatu alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa nguo, na mimi nikafikiri tunaongea juu ya mashine.

Pasinkirri